Shairi Lako Nililianzia Mwisho

Mzee Yankel,

Wiki tatu zimeisha tangu tukuzike hapa kijijini Ziwa. Ng'ombe ameenda kwa jirani. Nyumba nimefagia. Nakula, nalala, naamka, na sisikii chochote, kama jino lililodungwa ganzi. Watu wakiniuliza nasema niko sawa.

Kuna kitu lazima nikuambie. Macho yako yalipokataa, ulinifundisha herufi za Kiyidi, lugha ya Kiyahudi ya mama yako, ili nikusomee mashairi na insha zako. Maneno sikuyajua; maana yake ulinielezea kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Miaka yako yote uliandika juu ya mahindi, baridi ya Julai, na mji wa Ulaya mliotoroka ukiwa mtoto, na Eldoret nzima msomaji alikuwa wewe peke yako. Halafu mimi. "Jerono, soma pole pole, leo hatufukuzwi," ulikuwa unasema.

Ukaniomba kitu kimoja tu: nikusomee kaburini lile shairi lako juu ya mama yako, kurasa nne. Nikakubali.

Sasa, nilipeleka daftari mjini kwa mama anayechapisha programu za mazishi, azitie zile kurasa nne ndani. Akazipanga kurasa zako kama vitabu vyetu, kutoka kushoto. Nyinyi, kwa Kiyidi, mnaanzia kulia. Mimi ndiye niliyejua, na sikukagua. Nilikuwa nahangaikia hema na viti.

Nikasimama, nikafungua, nikasoma. Ukurasa wa pili ndio nikashtuka. Nilikuwa nimeshamzika mama yako, na sasa anaumwa. Ningefanya nini? Pasta amefunga macho, watu wameinamisha vichwa, hakuna anayeelewa hata neno moja. Nikaendelea. Wa tatu, mama yako ni mzima, anafua. Wa nne, amesimama mlangoni anakuita uje ule, mkate unapoa. Hapo nikamaliza, wakaanza kutupa udongo.

Walisema amina. Wakanishika mkono, eti nimesoma vizuri sana. Ai, Mzee! Nilikuharibia, na sikumwambia mtu.

Jumapili baada ya kanisa nitakuja na daftari lenyewe. Nitakaa chini hapo kando yako, nisome kutoka mwanzo, zote nne, pole pole. Na nikimaliza hilo nitasoma mengine, kila Jumapili, mpaka madaftari yaishe. Nakuahidi.

Pumzika, Mzee wangu. Nikikosea mahali, hakuna mtu aliyebaki wa kujua.

Jerono