Mume Wangu Ameshinda Kesi, Timu Yangu Inafungiwa

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikaripia, maana najua utanikaripia, nimeusoma ukurasa wako miaka mingi na huwa nacheka wenzangu wakipewa zao, sasa zamu imefika kwangu na sioni cha kuchekesha.

Mimi ni fundi wa mapazia, nina duka dogo na cherehani mbili, lakini jioni ni mchezaji wa mpira wa wavu na nahodha wa timu ya taifa ya wanawake, na kwa umri wangu mashindano ya kufuzu yanayokuja, ambayo yatachezwa nje ya nchi, ndiyo ya mwisho, baada ya hapo mgongo wangu hautakubali tena. Mume wangu ni wakili, kesi zake ni za ardhi, mipaka, viwanja vilivyouzwa mara mbili, na katika hizo mawakili wenzake wanamkwepa, ila tangu anioe mchezo wangu amekuwa akiuita "hayo mazoezi yako", kama mtu anavyosema "hizo dawa zako", na hakuwahi kuja kunitazama nikicheza hata mara moja, kila nikimwambia kuna mechi ana jalada la kusoma. Sikumlaumu, nilizoea, mtu huzoea mengi.

Sasa mwezi uliopita tulicheza mechi ya kirafiki na timu ya wageni katika ukumbi ambao paa lake linavuja, mvua ikanyesha, sakafu ikalowa upande wetu, mwamuzi akaagiza ipanguswe kwa taulo tukaendelea, mwenzetu mmoja tunayemwita Ngazi kwa sababu ya urefu wake akaruka kuzuia mpira, aliposhuka mguu ukateleza na goti likageuka, sote tuliusikia mlio wake. Nikamwambia mwamuzi hatuchezi hapa, nikawatoa wenzangu uwanjani, wageni wamekaa wanatutazama, viongozi wa shirikisho letu wamekaa wanatutazama, na sikurudi. Kamati ya nidhamu ya shirikisho ikakaa bila kuniita, ikanifungia mwaka mzima kwa kosa la kugomesha timu, na habari nilizipata kwenye kundi la simu la wachezaji, katikati ya picha ya keki ya mtu na tangazo la viatu.

Jioni hiyo nililia jikoni huku nimefungulia maji ili nisisikike, lakini mume wangu alisikia, akafunga jalada lake, akaja akasimama mlangoni akaniuliza kama walinisikiliza kabla ya kuamua. Nikasema hapana. Akasema basi hapo hakuna uamuzi, kuna karatasi tu. Kesho yake akafungua kesi mahakamani, na haikupita wiki akapata zuio, shirikisho likaamriwa liniache nicheze hadi kesi isikilizwe, na gazeti likamtoa picha akiwa ameshika ile amri kama kombe. Wateja wangu wa mapazia wakaja kunipongeza hata ambao hawakuwa na dirisha la kupimwa.

Shangazi, hapa ndipo penye aibu yangu. Siku iliyofuata baada ya kesi kufunguliwa, hata zuio halijatoka, meneja wa timu yetu alikuja dukani akajifanya anatafuta kitambaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kila mmoja wetu alipojaza fomu ya leseni ya mchezaji alikubali kwamba ugomvi wowote wa mchezo utapelekwa kwanza kwenye kamati ya rufaa ya shirikisho na baadaye kwenye baraza la usuluhishi wa michezo, mahakama za kawaida hazimo, akanisihi nimwambie shemeji aitoe kesi mapema kabla mambo hayajaharibika. Nikamwitikia. Nilipofika nyumbani nikamkuta mume wangu uani na mpira mpya, shati la kazini bado amelivaa, ananiambia nimfundishe kuanzisha mpira. Nikamfundisha. Sikumwambia kitu.

Na sikumwambia siku zilizofuata pia, kwa sababu alianza kuja mazoezini, anakaa jukwaani na tai yake, ananiuliza njiani kwa nini ule mpira wa pili nilimpa wa kulia wakati wa kushoto alikuwa wazi, maswali ya maana kabisa, na nyumbani akaanza kuniita nahodha, mpaka mama mkwe naye kaiga, "nahodha, hebu nisogezee chumvi". Miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa naingoja hiyo na sikujua kama naingoja.

Jumatatu iliyopita katibu wa shirikisho alitukusanya ukumbini akatusomea onyo kutoka shirikisho la kimataifa, kwamba wanaona mahakama imeingilia mambo ya mchezo, na kesi isipoondolewa kabla ya mwisho wa mwezi nchi nzima itafungiwa, sisi, wanaume, na wasichana wa chini ya miaka kumi na nane ambao tayari wana pasipoti zao mkononi. Hakuna aliyenitukana, heri wangenitukana. Ngazi akanifuata na magongo yake akaniambia, "Nahodha, ulitutoa uwanjani kwa ajili yangu na sitasahau. Ila goti langu lina daktari. Hili la kufungiwa sote litatibiwa na nani?"

Nikamweleza mume wangu kuhusu lile onyo, akacheka, akasema wanatutisha kwa sababu wameshindwa, mahakama ya nchi iko juu ya chama cha mpira, na akaongeza bila utani, "Nikiitoa nitakuwa nimekuacha peke yako kama zamani." Kitu kimoja chema kilichotokea ni kwamba mahakama ilililazimisha shirikisho lilete uamuzi wa kunifungia kwa maandishi, nikaupata wiki iliyopita, kabla ya hapo sikuwa nimeupata popote.

Naomba msaada, Shangazi. Mteja ni mimi, naweza kwenda kimyakimya kwa wakili mwingine nikatia saini kesi iondolewe, mume wangu aje ajue imeisha. Au niendelee kwa kuwa haki ni yangu? Na akiitoa, si atarudi kwenye majalada yake, na mimi nitarudi kuwa mwanamke wa "hayo mazoezi yako"?

Ni mimi, Nahodha Niliyekwama

*

Marahaba, nahodha. Barua yako imeruka foleni ya watu wenye matatizo ya mapenzi, wasinilaumu, wao mwisho wa mwezi hauwafukuzi. Kabla ya kukujibu nilimtafuta wakili mmoja wa mambo ya michezo ambaye hula mchana kwenye mgahawa ulio chini ya ofisi yetu, nikamharibia chakula chake, kwa hiyo haya ya sheria ni yake. Ukali ni wangu.

Kuhusu sakafu iliyolowa sina la kukusuta. Ulifanya kazi ya nahodha. Na kuhusu kufungiwa bila kuitwa, mumeo ameona sawasawa: hata kamati ya mpira haiwezi kumhukumu mtu ambaye haijampa nafasi ya kusema. Wakili wangu aliacha kijiko aliposikia hilo. Kesi unayo, tena nzuri. Umeipeleka mlango usio wake.

Sasa mumeo anasema mahakama iko juu ya chama. Kwenye viwanja vyake hilo ni kweli, na ndiyo maana anashinda. Lakini kiwanja hakisafiri, binti yangu. Timu yako inasafiri. Jaji wa nchi yako anaweza kuliamuru shirikisho lako likuandike kwenye kikosi, na litakuandika. Hawezi kuziamuru timu za nchi nyingine zije zisimame upande wa pili wa wavu. Fikiria kila mchezaji duniani akishindwa anakimbilia kwa jaji wa kwao: huyu ana amri ya kucheza, yule ana amri ya kupewa pointi, na mashindano yanabaki kwenye makaratasi. Watu wa michezo walilijua hilo zamani, ndiyo sababu mashirikisho mengi yakakubaliana kuwa na kanuni moja inayowafunga wote na baraza moja la usuluhishi linalowasikiliza wote, na kila anayechukua leseni anaweka saini kwamba ataanzia huko. Wewe uliweka. Hukusoma, najua, hata mimi sikusoma nilichotia saini nilipoanza kazi hapa.

Usidhani baraza hilo ni mfuko wa viongozi. Pande zote mbili huwa na sauti katika kuwachagua wasuluhishi, msuluhishi mwenye undugu au masilahi na upande wowote anatakiwa aseme au aondoke, na mashirikisho makubwa kuliko lenu yamewahi kuambiwa humo kwamba yamekosea. Jambo likiwa la haraka husikilizwa haraka, kwa sababu mashindano hayamngoji mtu. Na mahakama za kawaida hazikufutwa duniani. Zinabaki nyuma, kwa mambo machache, mfano baraza lenyewe likikiuka haki. Huanzi huko tu.

Haya, sasa nikukaripie, uliyataka mwenyewe. Meneja alikuja dukani kwako kesi ikiwa ya siku moja, ingetolewa kwa ukurasa mmoja na hakuna ambaye angejua. Ukamwachia mumeo aendelee mbele ya kamera huku wewe unajua anakoelekea, kwa sababu ulipenda kuonwa. Nakuelewa, na mimi ni mwanamke na nimewahi kusubiri kuonwa. Lakini wasichana wenye pasipoti mkononi hawakukuoa wala hukuwaoa, na ndio wanaolipia utamu huo. Na mumeo pia umemkosea. Unamwacha acheke onyo ambalo wewe unajua si la kuchekwa, na ukimwacha hadi mwisho wa mwezi ataonekana mjinga nchi nzima, tena katika kazi anayoiheshimu kuliko kitu chochote.

Kwenda kwa wakili mwingine kimyakimya, futa kabisa. Ni kweli mteja ni wewe na saini yako inatosha. Lakini mtu aliyesimama mlangoni mwa jikoni akakuuliza kama ulisikilizwa, leo unataka kumwamulia bila kumsikiliza? Kamati ya nidhamu ilikufanyia hivyohivyo ukalia.

Fanya hivi. Kesi iondolewe mahakamani, na nakala ya kuondolewa ifike shirikisho la kimataifa kupitia katibu wenu, asiachiwe mtu kuipeleka kwa mdomo. Wiki hiihii upeleke rufaa kwenye kamati ya rufaa ya shirikisho, kwa sababu mbili tu: hukuitwa, na sakafu ilikuwa hatari. Ngazi aandike alichokiona, na daktari wake aandike kuhusu goti. Maneno ya uchungu yaache nyumbani. Omba pia adhabu isimame hadi rufaa isikilizwe, na kamati ikikataa, hilohilo unaweza kuliomba kule barazani. Muda wa kukata rufaa kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku unapoupokea uamuzi wa maandishi, na wewe umeupokea wiki iliyopita kwa sababu ya kesi ya mumeo. Soma kanuni zenu zinasema siku ngapi, uzisome leo. Kwa hiyo mwambie kwamba alichokifanya mahakamani kimekufungulia mlango wa rufaa, kwa kuwa ndivyo kilivyo. Usimpe kama pipi ya kumtuliza. Na kanuni za michezo azisome naye, ila mbele ya baraza awepo wakili anayezijua. Yeye akae kando yako. Kama anaona hilo ni dogo, mkumbushe kwamba na yeye hampeleki daktari wa meno kupima mipaka.

Nisikudanganye kuhusu mwisho wake. Unaweza kushinda rufaa ukasafiri. Unaweza pia kupunguziwa adhabu isitoshe, timu ikaondoka bila wewe, na ukayatazama mashindano yako ya mwisho kwenye televisheni. Hilo litauma na halina dawa kwangu. Lakini timu itakuwa imecheza.

Kabla hujataja kesi, mwambie mumeo ukweli wote: kwamba meneja alikuja, kwamba ulijua, na kwamba ulinyamaza kwa sababu alikuwa uani na mpira na hukutaka aondoke. Akasirike. Ana haki. Usimkatize, na usimwite mama mkwe aje kusuluhisha, maana yeye ana kesi zake na wewe.

Umeniuliza kama atarudi kwenye majalada yake. Sijui, nahodha. Na wewe hujui, kwa sababu miaka kumi na moja hujawahi kumwambia kwamba ulitaka awepo jukwaani. Ulisema kuna mechi, akasema ana jalada, ukazoea. Mwambie leo jioni kwamba unamtaka pale kukiwa na kesi na kusipokuwa na kesi, kisha ungoje akujibu mwenyewe. Jibu lake liwe lolote, kesi itoke kesho asubuhi.