Ukae Mti Mmoja na Shemeji

Masaka, Kigali

Mdogo wangu mpendwa Eufrazia,

Nakusalimu kutoka kilima hiki cha Masaka, nikiomba karatasi hii ikukute umeamka vizuri, kifua kimeacha kukubana, na mvua zimefika huko Karagwe kama zilivyofika hapa. Mimi ni mzima. Goti la kulia linaninyima raha ninaposhuka kwenye pikipiki, lakini bado linatii. Maharage yangu yameota nyuma ya nyumba. Majirani wanajenga kila upande, kwa hiyo asubuhi siamshwi tena na ndege, naamshwa na mashine ya kuchanganya zege. Ni karibu miaka thelathini tangu nivuke kuja kwenye nchi ambayo wazazi walituambia ndiyo kwetu, na bado nikitamka neno "nyumbani" wanangu huuliza nina maana ya wapi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata nikiwa Muhima, kwa fundi cherehani anayenirekebishia makoti. Masikio yangu unayajua, nikaufungua kwa sauti kubwa, na duka zima likakusikia ukisema kwamba kanga wamefukua mbegu zako za mahindi mara mbili, kwamba afisa wanyamapori amekupa kibali, na kwamba Jumamosi utaingia porini kwa mara ya kwanza na bunduki ya marehemu mumeo, ambayo sasa ni yako kisheria. Fundi akaacha kushona.

"Muzee, dada yako iko anaenda kuwinda? Sisi hapa hata kuku tunakuta ishakatwa, iko kwa friji!"

"Huyo alifundisha darasa la watoto themanini," nikamwambia. "Kanga hawamsumbui."

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha sauti yako ikaendelea. Ulisema huna wasiwasi kwa sababu umeipeleka bunduki kwa fundi wake mara mbili, kwa hiyo haitakulipukia kama ile iliyomtoboa Baba jicho. Ukasema mmepanga vizuri: wewe utakaa upande wa korongo, Shemeji Laurenti upande wa kichuguu, kila mmoja na bunduki yake na filimbi yake, muwaite kanga kutoka pande mbili.

"Pole, Muzee," fundi akasema. "Kumbe bunduki ilimulipukia baba yenu?"

Nikasema ndiyo. Eufrazia, nilisema ndiyo mbele ya mtu asiyenidai hata maelezo, kwa mazoea tu. Nikavaa koti langu likiwa na kishikizo kimoja kimening'inia, nikapanda pikipiki hadi nyumbani. Uliniagiza nisikujibu kwa simu, kwa kuwa kwenye simu naanza na mahindi namalizia na siasa. Ulitaka ushauri wa kuweka mfukoni. Haya, ndio huu. Dereva wa lori anayepakia mizigo Masoro anavuka Rusumo kesho, naye ameahidi kukufikishia kabla ya Alhamisi.

Bunduki haikumlipukia Baba. Mimi ndiye niliyempiga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe ulikuwa kumi. Baba alikuwa ameazima bunduki ya mwenyeji wetu, Mzee Rwekaza, na mimi nilibeba nyingine ya Mzee huyo huyo, ile ndogo. Baba alichonga filimbi mbili kutoka tete moja. Akanionyesha kichuguu, akaniambia nikae hapo nisitoke. Yeye akashuka korongoni. Mpango wenu, kama ulivyo.

Nilikaa kwa muda ambao kijana hukaa. Nikapuliza. Kanga jike akajibu kutoka chini, ile sauti yake ya mikupuo miwili. Nikapuliza tena, akajibu tena, amesogea. Nikatoka kwenye kichuguu, nikaanza kutambaa nimfuate. Kumbe Baba naye alikuwa amesikia kanga mzuri anayemjibu kutoka juu, naye akavunja sharti lake mwenyewe, akapanda akitambaa. Tulivutana hivyo, baba na mwana, kila mmoja akimwita mwenzake kwa sauti ya ndege. Kichwa cha kanga ni buluu na wekundu kidogo. Nikaona buluu inatikisika kwenye majani, nikafyatua. Ilikuwa kofia ya Baba.

Alipokaa chini, ameziba uso kwa kiganja, neno la kwanza alilosema halikuwa la maumivu. "Imenilipukia. Umesikia, Kalisti? Bunduki imenilipukia." Tulikuwa wakimbizi, bunduki si zetu, na Mzee Rwekaza alikuwa mtu aliyetupa mahali pa kulala. Tulipomfikia, Mzee alielewa palepale, maana bunduki zote mbili zilikuwa nzima. Akazifunga zote mbili kwenye gunia, akazipandisha darini, na hakuna aliyeziona tena. Mama aliambiwa hivyo, wewe uliambiwa hivyo, nami nimelibeba neno hilo kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Ungekuwa hushiki bunduki, labda ningekufa nalo. Lakini uongo wetu umekufundisha kuogopa chuma, na chuma hakina kosa. Kwa hiyo nakuomba, na hapa nazungumza kama kaka yako mkubwa, futa mpango wenu wote.

Mtakaa mti mmoja. Tafuteni mti wenye shina pana kuliko mabega yako, uuegemee, Laurenti akae bega kwa bega nawe, na bunduki iwe moja. Filimbi moja pia. Anayepuliza hapigi, anayepiga hapulizi. Shina litakulinda mgongo, na litawazuia kanga wasione umbo lako. Usiende chini ya mti wanamolala. Ijumaa jioni mtazame wanapopanda kulala, kisha asubuhi mkae kwenye njia yao ya kwenda shambani. Puliza mara mbili, basi. Wakijibu, nyamaza. Wanaoanza hupuliza kama watu wanaogombana, na kanga si mjinga.

Kabla ya hapo, simamisha boksi tupu la sabuni hatua thelathini, ulipige, uhesabu marisau yaliyoingia. Utaona jinsi zile punje zinavyotapakaa, na utajua kwa nini usipige kundi: utajeruhi watano usimpate hata mmoja. Chagua aliyejitenga, ameinua shingo. Penye hatua thelathini chomeka kijiti, na aliye nyuma ya kijiti mwache aende zake.

Sare yako ya kwaya, ile ya buluu, ibaki nyumbani. Kilemba chekundu pia. Ukipata ndege, mtie kwenye gunia kabla hujatembea, ili mtu mwingine asione manyoya yanatembea porini. Na unapovuka mfereji, toa risasi kwanza, hata kama Laurenti anakucheka.

La mwisho nililipata kwa Baba mwenyewe. Kidonda kilipopona alinichukua tena hadi kwenye kichuguu, hatuna bunduki, ana jicho moja. Kila kitu kikitikisika ananiuliza, "Unaona nini?" Nikisema kanga, anauliza, "Umeona mdomo? Umeona miguu?" Nikinyamaza anasema, "Basi hujaona kitu." Tulikaa hivyo asubuhi nyingi. Hakunigombeza hata siku moja. Nawe useme kwa mdomo, Laurenti akusikie: naona mdomo, naona shingo, naona miguu. Usipoweza kuvitaja vyote, kidole chako kisiguse pa kufyatulia. Sauti peke yake si kanga. Rangi peke yake si kanga.

Kunihukumu utanihukumu, una haki hiyo, na nitakuja kukaa mbele yako unihukumu. Ila uanze na Jumamosi. Kanga wakila mbegu mara ya tatu, utapanda mara ya nne.

Nisalimie binti yako mkubwa, yule mkunga, na mumewe. Mama mkwe wako mwambie dawa ya macho aliyoagiza nimeipata, iko kwa dereva huyu huyu. Kaburi la Baba, ukipita, ling'olee majani kwa niaba yangu. Na Shemeji Laurenti usimpe salamu tu, msomee barua hii yote, hasa pale nilipofyatua, umtazame usoni ukisoma. Atasema yeye ni mwindaji wa miaka ishirini. Baba alikuwa wa miaka thelathini.

Nataka jibu Alhamisi jioni, kwa sauti zenu wote wawili, kwamba mmekubali mti mmoja na bunduki moja. Nisipolisikia, Ijumaa alfajiri nipo Nyabugogo napanda basi la Rusumo, na Jumamosi mtanikuta hapo shambani, na goti langu hili, nimekaa katikati yenu.

Kaka yako akupendaye,
Kalisti