Bidoni la Muadhini

Jumatatu, 5 Mei
Hesabu asubuhi. Kisha saa yangu ya kubuni vitu na wanafunzi wepesi wa kuelewa wa darasa la sita. Wanamtengenezea muadhini wetu, Mzee Ramazani, chombo cha kutawadhia bila kuinama. Mgongo wake umekataa. Kielelezo cha kwanza: bidoni, dumu la maji, juu ya miti, kamba, ubao wa kukanyagia. Alikanyaga. Bidoni likapinduka lote, maji viatuni. Mzee alicheka hadi akaketi. Watoto walifadhaika. Mimi nimefurahi kupita kiasi cha umri wangu.

Jumanne, 6 Mei
Bwana Kasimu, mfanyabiashara wa njia ya Kabambare na mwenyekiti wa komite ya wazazi, amenisimamisha sokoni.
"Sheikh, watoto iko wanacheza na maji. Mutihani ya serikali iko karibu."
Komite inakuja Alhamisi. Ikiona mchezo, saa yangu inafutwa. Nimeogopa.

Jumatano, 7 Mei
Kielelezo cha pili: kifuniko kimekazwa, tundu la msumari chini. Maji hayakutoka. Zaituni, binti wa muuza samaki, akalegeza kifuniko. Yakatoka, yakakataa kusimama. Cha tatu: tundu limepandishwa juu, jiwe limefungwa nyuma ili bidoni lijirudishe wima. Maji ya kutosha mikono na uso, kisha kimya. Alhamdulillahi. Nilipaza sauti kama kijana. Nimeagiza vyote vitatu vihifadhiwe.

Alhamisi, 8 Mei
Viwili vya kwanza watoto wamevivunja. Ua umefagiliwa. Wageni wanakuja, na katika chuo cha Kurani sisi wenyewe tumewazoesha kuosha ubao wa kuandikia uliokosewa kabla mwalimu hajauona. Niwalaumu vipi?

Komite ilikuta bidoni moja, linalofanya kazi.
"Hii fundi wa soko anatengeneza siku moja," alisema Bwana Kasimu. "Masomo iko wapi?"
Zaituni aliomba ruhusa. Akafungua kifuniko, akageuza mdomo wa bidoni mbele, akahamisha kamba.
"Papa, kanyaga," alimwambia Bwana Kasimu.
Alikanyaga. Maji yote kwenye suruali.
"Tulianza hivi," alisema Zaituni. Akalirudisha hatua kwa hatua, akieleza kila kosa na sababu yake. Bwana Kasimu, suruali inachuruzika, alichuchumaa.
"Na jiwe, mbona munaifunga mbali hivi?"
Akalisogeza mwenyewe. Bidoni halikurudi tena. Watoto wakamzunguka, wakabishana naye.
"Papa, yako iko mbaya kupita yetu ya kwanza. Jaribu tena."
Alijaribu tena. Wajumbe wengine walisimama kungoja, kisha nao wakaanza kuelekeza. Waliondoka bila kutangaza uamuzi.

Ijumaa, 9 Mei
Kabla ya sala Bwana Kasimu amekuja peke yake, na kipande cha mpira wa baiskeli mkononi. Alipiga magoti, akafungua jiwe, akafunga mpira mahali pake. Nilimshikia bidoni. Akinawa, aliniuliza saa yangu ya Jumatatu inaanza wakati gani. Nimemwambia.