Kabati la Vioo

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Nimeumbuliwa mbele ya wageni, na radhi siombi.

Unavikumbuka vile vitabu vipya vya hadithi vya darasa la pili? Mkuu wa shule aliniagiza nivifungie kwenye kabati la vioo visichafuke, eti wageni waje wavione. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

Leo wageni wamekuja. Mkuu kawaleta kifua mbele mpaka kabatini. Kabati tupu. Tupu kabisa.

Akaniuliza, "Vitabu viko wapi?"
Nikamwambia, "Vinasomwa."
Akashusha sauti, "Mwalimu, nauliza viko wapi."
Nikarudia, "Vinasomwa, mkuu. Kila mtoto kaenda na chake nyumbani mpaka Ijumaa."

Macho aliyonitolea, we acha tu. Eti vitarudi vimechanika. Nikamjibu gundi ninayo. Vile vya zamani vililiwa na mchwa humohumo kabatini, visafi, hakuna mtoto aliyewahi kuvifungua.

Wageni walipoondoka akadai nimrudishie ufunguo. Nikampa bila ubishi. Akae nao, alinde vioo.