Bunduki Kigeugeu

Jumamosi, 24 Agosti 2013

Asubuhi uwanja wa shabaha. Mvua nyepesi, upepo hakuna. Risasi tatu za kwanza zimekaa pamoja kama ndugu. Ya nne imekwenda juu kushoto, kiganja kizima. Ya tano imerudi kwa wenzake. Ya sita sijui imekwenda wapi.

Hii bunduki itaniua kwa hasira kabla haijaua nguruwe pori hata mmoja. Ya mitumba, mti wa kitako chake ni mjozi, mzuri ajabu. Niliinunua kwa ajili ya mti huo. Kizuri hakikosi ila, na ila ya hii ni kubwa. Risasi za dukani haizipendi kabisa. Ndiyo maana tangu Juni najaza mwenyewe: ganda, fataki ya kuwashia, baruti, kichwa cha risasi. Naongeza baruti kidogo, napunguza kidogo, ndani ya mipaka ya kitabu. Napata nafuu. Halafu inageuka tena.

Georges amepiga simu. Mzee huyu ndiye mwenye kundi la wawindaji kule Ardennes. Mwaka huu mstari wake wa wapigaji, kila mtu na namba yake, una nafasi moja. Sharti: Jumamosi ya mwisho ya Septemba nipige mbele yake risasi tano, mita mia, zote ndani ya duara la ukubwa wa sahani ya kikombe. Ikitoka moja, nafasi anapewa mpwa wake. Hana utani na jambo hilo, na ana haki. Hataki mnyama akajifie kichakani na jeraha.

Naitaka nafasi hiyo. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Baba aliwinda huko Katanga, mimi nilikula tu. Hapa Brussels miaka yote hii watu wananiuliza natoka wapi. Kwenye mstari huulizana jambo moja: wewe unasimama namba ngapi?

Jumatano, 28 Agosti

Nimejaza sanduku jipya. Kazini, pale hospitali ya Woluwe, napima dawa za wagonjwa. Nyumbani napima baruti. Mizani ni mizani. Maganda yote urefu mmoja, nimeyafuta moja moja. Nimezipanga risasi kwenye sanduku la plastiki, matako juu, fataki zinang'aa. Nikapanda kula.

Najua, nilipaswa kufunga kabati la risasi kwanza. Lakini wali ukipoa mke wangu Espérance hunikumbusha mpaka Ijumaa.

Cave yetu, chumba cha chini ya nyumba, ni karakana yangu. Pia ni ghala la viazi, na masanduku ya Maman yako humo. Maman ni mama mkwe wangu, amekuja kutoka Bukavu mwaka jana. Tunaheshimiana kwa mbali, inavyopasa. Hali chakula mbele yangu. Mimi siinui sauti akiwa karibu. Maneno yetu hupitia kwa Espérance, hata la kuomba chumvi.

Tangu bunduki iingie nyumba hii, Maman hajaitaja. Mwanawe Patrick alipigwa risasi akafa mlangoni pao, na watu ambao hadi leo hakuna anayejua walitaka nini. Kimya chake kina maana. Sijui maana gani, na si mimi wa kumuuliza.

Baada ya chakula yeye alishuka kuchukua viazi vya kesho. Mimi nikashuka baadaye, nikafunga kabati.

Jumamosi, 31 Agosti

Vibaya. Nimefyatua: tik. Kimya kidogo. Halafu ndipo ikalia. Kama mtu aliyeitwa akafikiri kwanza. Imepiga chini, karibu na fremu. Nne zilizofuata zimekaa vizuri. Iliyofuata hizo, kushoto kabisa.

Ushauri wa uwanjani: Willy anasema c'est la poudre, ni baruti. Jirani yake anasema fataki. Wa tatu, darubini ya bunduki. Wa nne anasema ni mimi, na anakunywa kahawa yangu.

Nimeudhika siku nzima. Nimemkaripia mwanangu Grâce kwa sababu ya viatu vilivyoachwa mlangoni. Viatu vilikuwa vyangu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekaza skrubu za mti. Nimeifungua darubini, nimeifunga upya. Nimenunua fataki za kiwanda kingine, na baruti nyingine pia, inayoungua taratibu zaidi. Espérance amenitazama nikiupangusa mtutu: "Hiyo kintu unaibembeleza kuliko mimi." Kuna ukweli ndani yake.

Maman ameondoka leo na akina maman wa kanisa. Maombi ya wiki moja, upande wa Liège. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumatano, 4 Septemba

Nimejaza. Baruti mpya. Viazi nimepandisha mwenyewe.

Jumamosi, 7 Septemba

TANO. Sarafu ya euro mbili ingezifunika zote. Nikapiga tano nyingine. Hivyohivyo. Willy ameita watu waje kuona.

Kumbe ni baruti! Miezi yote nilikuwa nailisha chakula isichokitaka. Nimerudi nikiimba kwenye gari, kwenye taa nyekundu dereva wa basi akanicheka. Nimempigia Georges. Nimejisifu kidogo. Si kidogo.

Leo nimempenda kila mtu, hata anayekunywa kahawa yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimejaza kama wiki jana. Baruti ileile, kipimo kilekile, fataki zilezile. Maman amerudi jana, sura imetulia, amekonda kwa kufunga. Chakula cha jioni sombe, majani ya muhogo, na samaki. Ameshuka kuchukua viazi. Raha ipo nyumbani.

Jumamosi, 14 Septemba

Sielewi.

Mbili zimepotea. Moja imekataa kabisa kulipuka. Nimengoja na mtutu ukitazama shabaha, muda mrefu, inavyotakiwa, nikihesabu pumzi. Haikulia. Nimeitoa, nimeitenga. Nyingine zimekaa palepale pa wiki jana. Maana yake baruti haina kosa, darubini haina kosa, na mimi pia, kwa leo, sina kosa. Sasa nani?

Nimetaka kuiuza. Nimekaa kwenye gari bila kuwasha injini. Nikamwona mpwa wa Georges amesimama mahali pangu. Ninamchukia, na sijawahi kumwona.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada nimeshuka cave. Nimeifungua ile iliyokataa. Baruti yake chini imeshikana, na fataki imelowa. Nimepaka kidole, nimenusa.

Zeituni.

Mimi bunduki yangu siipaki zeituni. Lakini harufu hiyo naijua. Watoto huenda nayo kwenye mitihani, kwenye paji la uso. Mlango wetu unanukia hivyo. Ni kichupa cha Maman, mafuta ya upako kutoka kanisani. Nikachukua sanduku lenye risasi zilizobaki, nikalipeleka chini ya taa. Ile ya pembeni kabisa iliyobaki, tako linang'aa kwa mafuta, na pembe tatu zilizo wazi nazo zina mafuta. Za katikati kavu. Nyumba mpya hupakwa pembe nne. Gari jipya magurudumu manne. Na sanduku nalo lina pembe nne.

Viazi. Kila Jumatano, mimi nikiwa bado mezani. Na wiki aliyokuwa Liège, risasi zote zilinyooka, mimi nikaisifu baruti!

Nimekasirika. Majira yote ya joto! Nimelaani mti, skrubu, kiwanda cha fataki, fundi wa bunduki ambaye huenda alishakufa zamani. Na siwezi kwenda kumuuliza. Mkwe hasimamishwi mbele ya mkwe kama mtuhumiwa. Nimemwita Espérance nikamwonyesha. Amecheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Halafu nimemweleza mambo mengine: kwamba risasi inayochelewa ni hatari, kwamba ningeifungua bunduki mapema ingeweza kunilipukia usoni. Akaacha kucheka. Amepanda chumbani kwa mama yake na kufunga mlango.

Hawajatoka hadi chakula.

Jumatatu, 16 Septemba

Jibu limekuja kwa njia yake, kupitia Espérance.

Maman anasema kweli alipaka. Tangu Juni. Pembe nne, tone moja moja, na ombi moja kila mara: "Hii masasi isiguse muntu." Hakuomba nikose nguruwe. Nguruwe hana neno naye, hata anamla. Aliwaza kuwa bunduki bila risasi ni fimbo tu, kwa hiyo aliyepaswa kuombewa ni risasi. Naona hoja yake. Ndilo linaloniudhi, kwamba naiona.

Espérance alimweleza kwamba mafuta hayo yangeweza kunijeruhi mimi. Tangu hapo Maman hali. Analala amegeukia ukuta.

Nina aibu. Hasira imeisha, halafu wakati wa kupiga mswaki imerudi kidogo. Naandika ilivyo.

Jumanne, 17 Septemba

Bado hali. Chai tu. Watoto wanatembea kwa vidole vya miguu. Grâce ameuliza kama bibi atarudi Bukavu. Nimesema hapana, kwa sauti iliyosikika hadi chumbani. Nilikusudia isikike.

Shabaha sijaifikiria leo hata mara moja. Uongo. Mara mbili.

Jumatano, 18 Septemba

Nimejaza. Nimefunga kabati kabla ya kula. Wali umepoa, hakuna aliyesema neno.

Kisha nimemtuma Espérance na ujumbe: risasi zinataka ukavu, lakini mwenye kuzipiga hajakataa kuombewa. Maman ametoka. Amesimama mlango wa jikoni, mimi nimeketi, kichwa nimeinamisha. Mkwe hamgusi mkwe. Kwa hiyo alimimina mafuta kwenye kiganja cha Espérance, na Espérance akanipaka kwenye paji, na vidole, na kile cha kufyatulia akakirudia. Maman akaomba kwa mashi, lugha ya kwao, muda mrefu. Nimeshika neno moja moja. Nimesikia jina la Patrick.

Baadaye amekula. Jikoni, peke yake, sahani mbili. Nilizisikia zikigongana.

Kabla ya kulala nimenawa mikono kwa sabuni. Mungu anajua kwa nini.

Jumamosi, 21 Septemba

Uwanjani. Zote mahali pake. Sikupiga kelele. Willy ameuliza dawa ni nini, nikasema: mambo ya mama mkwe. Akanyanyua mikono. Yeye pia anaye.

Jumamosi, 28 Septemba

Mtihani. Georges alisimama nyuma yangu na kofia yake, mikono mfukoni. Mpwa alikuwepo. Kijana mpole, kwa bahati mbaya. Amenibebea begi.

Ya kwanza ndani. Ya pili ndani. Kwenye ya tatu moyo ulikuwa unagonga hadi msalaba wa darubini ukawa unaruka. Nikashusha bunduki, nikapumua, nikaanza upya. Ndani. Ya nne. Ya tano.

Georges ameitazama sahani ya karatasi, ameikunja, ameitia mfukoni. "Bon. Namba nane."

Nimempigia Espérance nikiwa bado na vizibo vya masikio. Nilikuwa nasikia sauti yangu tu. Nimefurahi, nimefurahi sana.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeshindwa kuandika jana baada ya mawindo.

Namba nane ni ukingo wa njia ya msitu, mbele yake majani ya gugu yaliyogeuka rangi ya kutu, kimo cha kifua. Baridi. Mbwa mbali, pembe ya kuanza, kisha kimya. Nikasikia vijiti vinavunjika. Nguruwe dume, mkubwa, akatoka, akasimama ubavu wote ukinielekea. Hakuniona. Karibu, nusu ya umbali wa uwanjani. Nyuma yake mteremko wa udongo, ilivyoagizwa. Nikaweka msalaba nyuma ya bega. Kidole kilikuwa kimeanza kuvuta.

Gugu likatikisika nyuma yake, juu mteremkoni, mahali pasipopaswa kuwa na mtu. Kizibao cha rangi ya machungwa. Mkono. Mmoja wa wale wanaofukuza wanyama alikuwa ameanguka na kuachwa na wenzake, anainuka akijipangusa magoti, sawasawa na mtutu wangu.

Nimenyanyua mtutu juu angani. Nguruwe akapita. Yule mtu akanipungia mkono, hakujua kitu, akaendelea kupiga kelele zake.

Bunduki ya Agosti labda ingekosa. Hii isingekosa. Ingekwenda palepale nilipoielekeza, kupita kwenye nguruwe, na sijui ingeishia wapi. Miezi yote nimehangaika iache ubishi, na sasa imeacha. Inafanya ninachosema. Jambo hilo nimelifikiria mpaka pembe ya mwisho, na nimepiga risasi nyingi maishani bila kulifikiria.

Georges aliona kutoka namba tisa. Kwenye supu alisogea akanipa nafasi kwenye benchi, na mbele ya wote akasema nane ni yangu, na mwakani pia.

Nimefika nyumbani Schaerbeek giza likiingia. Espérance alikuwa zamu kazini. Aliyefungua mlango ni Maman. Tukabaki tumesimama, hakuna wa kupitisha maneno. Akaniuliza mwenyewe, akiangalia viatu vyangu:

"Baba Grâce, muliuwa?"

"Hapana, Maman."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Amevuta kiti mezani, amenipakulia, kisha akachukua sahani yake, akaketi upande wa pili, uso ameugeuzia dirisha. Tumekula hivyo. Nilitaka kumwambia habari ya yule mtu kwenye gugu. Sikuweza. Nikaweka kijiko chini, nikala kwa mkono.

Ameniongezea ugali bila kuuliza.