Pingili Iliyotushinda Mikononi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele, na nyingine mpe shemeji, hata kama bado amenuna kwa kuitwa kobe. Magoti yako vipi? Mimi mzima, ila mikono inauma, na kisa chake ndicho hiki. Najua habari imeshakufikia imepinda: eti nilipiga chafya mfupa wa binti yako ukavunjika. Waongo wote! Mlinzi wa kazini kwake anayeisimulia hakuwepo kabisa. Mimi nilikuwepo, tena nimeushika. Sikiliza kwangu.

Binti yako ndiye aliyeniita kwenye jumba lao la mifupa, maana mifupa yao huvikwa plasta isivunjike, na fundi wa plasta kama mimi hajazaliwa tena. Mfupa wenyewe ni pingili ya shingo ya dinosaria, yule mwenye shingo ndefu kuliko foleni ya hospitali. Kwa nje ni kubwa kama meza yenu ya kulia. Ndani ni vyumba vitupu, kuta nyembamba kama biskuti. Binti yako alinieleza kwamba mnyama alipokuwa hai vyumba vile vilijaa hewa, ndiyo maana aliweza kuinua shingo yote ile. Nikamwambia basi ni kama baba yako, mwili mkubwa, ndani hewa tupu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Jiwe lilikuwa limejaa mle ndani. Akalichokoa kwa sindano, punje kwa punje, ili apime kila chumba. Pingili nyingine nzima kama ile hawana, na usomi wake wote umekaa humo. Ikabidi tuigeuze, asafishe upande wa chini. Tukainyanyua yeye, dereva wa jumba lao na mimi. Ilipofika juu tukasikia tik. Halafu tik nyingine. Kumbe lile jiwe alilolitoa ndilo lililokuwa limezishika kuta.

Gundi ilikuwa kabatini, pale pale. Lakini nani aende? Anayeachia, upande wake unaanguka. Dereva akalia kwamba mikono imekufa ganzi. Nikamwambia afe nayo, ila asiachie. Tukamwita mlinzi, kumbe kaenda kunywa chai. Tukaita tena na tena. Mimi, mbeba saruji mifuko miwili kwa mpigo, nilisimama nikisikia kuta zinakatika moja moja vidoleni, unga unanimwagikia miguuni. Mwisho binti yako akasema polepole, Mjomba, acha. Hatukuacha. Iliisha yenyewe.

Sasa lililonifanya niandike: ameacha kazi, anakuja kwako wiki hii. Atakwambia ni likizo, na mimi kanikataza nisiseme. Usimuulize kitu. Mpe kitanda tu. Maneno yangu yote nimejaribu, na unajua nilivyo nayo, hakuna lililofaa.

Wabusu wajukuu, na shemeji ukimweza.

Ni mimi kaka yako,
Fundi asiye na mfano

Lile la baba yake na hewa nilimwambia kweli, ila ni baadaye, tukiwa tunafagia. Kicheko nimekitia mwenyewe.