Kivuli cha Jabali

Jumanne, 10 Oktoba 1978

Nimesafisha picha ileile tena. Mara ya ngapi, sitaki kujua. Vidole vinanuka dawa hata nikila mkate. Jabali limetoka vizuri, anga jeusi kama nilivyotaka, vigogo vyeupe vya miti ya miaspeni — lakini chini ya jabali hakuna kitu. Weusi mtupu. Wakati wa kuchapa nilipakinga mwanga kwa kiganja ili pasiwe peusi mno, nikapata kijivu cha majivu yaliyomwagiwa maji.

Jumatatu Mwalimu Verna anachagua mwanafunzi mmoja wa kubaki naye majira ya baridi katika chumba chake cha giza cha kusafishia picha. Kila mtu picha moja. Tumebaki mimi na Dell. Atakayekosa atarudi kwao. Kwetu ni Fresno, duka la matairi la baba.

Dell alichungulia mlangoni. "Dada, wewe na hilo jabali mnafunga ndoa lini? Nishone suti." Nikamwambia wapiga picha hawaalikwi. Nilicheka kidogo, kisha uchovu ukarudi.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimempelekea Verna. Aliigeuza juu chini, kama kawaida yake, ili jabali lisimdanganye. Akaweka kidole kwenye weusi.

"Marit, binti yangu, hapa si kivuli. Ni shimo."

Nikasema nitajaribu karatasi laini zaidi, isiyokoza weusi.

"Karatasi haitoi kile ambacho filamu haikupewa. Uliweka kichujio chekundu mbele ya lenzi?"

Ndiyo. Ili anga liwe zito.

Hakunifokea. Mwanga wa kivulini unatoka angani tu, alisema, nao ni wa buluu. Chekundu kinaumeza wote. "Umenunua anga kwa kuuza ardhi. Rudi ukapige upya, majani bado hayajapukutika."

Hayo nilijifunza chuoni. Niliyajibu hata kwenye mtihani. Lakini anga jeusi linapendeza haraka, na mimi nilitaka kupendeza haraka. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 13 Oktoba

Upepo kutwa. Miaspeni hutetemeka hata mtu akipiga chafya ng'ambo ya kijito, nami nahitaji sekunde nne za utulivu. Nimeshuka bila kupiga. Mabega yanawaka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika nimekaa juu ya sanduku la kamera, chini ya jabali. Nimebeba kasha moja tu la filamu, mgongo umekataa zaidi. Kipande kimoja cha filamu upande huu, kimoja upande ule.

Alfajiri upepo ulilala. Safari hii bila kichujio. Nilipima kivuli kwanza, nikakipa mwanga wake, anga nikaliacha lijitafutie. Nikapiga upande mmoja. Picha nzuri, safi. Ya kutosha kumshinda Dell, nadhani.

Ningeshuka. Miguu haikutaka, nikabaki. Sasa wingu jepesi limepanda juu ya jabali na mwanga umeingia kivulini taratibu. Kila jiwe linaonekana. Vigogo vinang'aa kama vina taa ndani. Sijawahi kupaona hivi mahali hapa. Nikachukua kasha nipige upande wa pili.

Kingo zote mbili nyeusi.

Kila upande wa kasha una kifuniko cha kuvuta, chenye ukingo mweupe na ukingo mweusi. Mweupe ukiwa nje, filamu bado mpya. Ukishapiga unakigeuza, mweusi unatoka nje. Ule mweupe una hata vinundu vya kupapasa gizani. Jana nikiingiza filamu nilikuwa nasinzia, sikupapasa. Kwa hiyo upande mmoja umebeba alfajiri yangu, mwingine hauna kitu, na sijui upi ni upi. Kufungua nitazame ni kuvimulika vipande vyote viwili na kuviharibu. Nikikosea upande, picha mbili zitalaliana, na Jumatatu nitakwenda mikono mitupu.

Nikifungasha sasa, alfajiri iko salama. Dell angesema, teremka, mwendawazimu we. Na Verna? Angeendelea kulitazama jabali.

Majani yametulia. Hakuna hata moja linalocheza.

Asubuhi glavu ilikuwa mkono wa kulia. Kwa hiyo nilivuta kifuniko kwa wa kushoto, mtupu, na alama ya vidole hivyo iko upande huu. Nadhani.

Kasha liko ndani ya kamera, upande wa pili ukitazama mbele. Kifuniko sijakitoa. Wingu linaanza kusogea —